Je, Wajua? Sentimita Nne za Ubao Zinazoongoza Tani Nzima ya Mti

Sogea hapa benchini, msomaji, tupige soga la miti iliyokufa huku bado imesimama wima. Inua macho kutoka Bujumbura utazame vilima vya mashariki: mkaratusi mkavu huu hapa, msaipresi usio na jani ule pale, na huku mjini mwembe uliokauka nyuma ya ua wa mtu. Kuiangusha miti hiyo kuna maajabu yake, na yote yanaanzia kwenye nyuzi za ubao. Haya, twende!

UKANDA USIOGUSWA

Je, wajua kwamba mkata miti stadi hakati mti wote? Huchonga mkato wa mbele upande anaotaka mti uangukie, kisha hukata kutoka nyuma, na katikati huacha ukanda mwembamba ambao msumeno hauugusi. Ukanda huo ndio bawaba, na kazi yake ni ileile ya bawaba ya mlango: kushika huku ikigeuza.

Unadhani bawaba hiyo ina unene gani? Sehemu moja ya kumi tu ya kipenyo cha shina! Shina la sentimita 40 huachiwa bawaba ya sentimita 4, yenye urefu wa kama sentimita 32 kutoka pembe hadi pembe.

Sasa pima mzigo wenyewe. Mkaratusi mbichi wa kipenyo hicho, wenye urefu wa mita 20, unaweza kupita tani 1. Tani nzima, ndugu yangu, inaongozwa na ubao ambao unene wake unaufunika kwa vidole viwili!

Ukiongeza unene wa bawaba mara mbili, je, ugumu wa kuivunja huongezeka mara mbili? Hapana, huongezeka mara 4! Ndiyo maana sentimita 1 ya ziada inaweza kuufanya mti ugome kuanguka, na sentimita 1 pungufu ikauachia kabla ya wakati.

Shikilia hapo hapo. Ukitoboa bawaba katikati na kuondoa theluthi yake nzima, uwezo wake wa kuuzuia mti usiyumbe kushoto au kulia hupungua kwa chini ya asilimia 4! Kumbe kazi hiyo karibu yote hufanywa na pembe zake mbili. Pembe moja ikiwa imeoza, mti hujiendea unakotaka.

Mti unapoinama, bawaba hufanya mambo mawili kwa mpigo: nyuzi zake za nyuma zinavutwa, za mbele zinabanwa. Na ubao safi huhimili kuvutwa takriban mara 2 ya kubanwa. Kwa hiyo nyuzi za mbele hukunjamana kwanza, za nyuma zikiwa bado zimeng'ang'ania.

Mkato wa mbele wenye mdomo wa digrii 45 hufumba mti ukiwa nusu ya safari, na bawaba hukatika papo hapo. Uchonge mdomo hadi digrii 90, na bawaba nzima inaweza kuushika mti mpaka unakaribia kugusa ardhi. Mti uleule, msumeno uleule!

NYUZI ZENYEWE

Je, wajua kwamba uzi mmoja wa mkaratusi una urefu wa kama milimita 1 tu? Wa mpaini hufika milimita 3 hadi 4. Vitu vidogo hivyo, vikishikamana kwa mamilioni, ndivyo vinavyosimamisha mti wa mita 20 katikati ya dhoruba.

Kilo kwa kilo, ubao safi unaovutwa kufuata nyuzi zake unaushinda uzi wa chuma cha kawaida! Chuma kina nguvu, ndiyo, lakini pia kina uzito. Ukigawa nguvu kwa uzito, mti unabeba kombe.

Ila geuza ubao huohuo uuvute kwa upande, nyuzi zitengane badala ya kukatika. Nguvu yake hushuka mara 20 au zaidi! Ndiyo sababu shoka moja hupasua gogo la kuni kwa pigo moja, wakati kulikata gogo hilo kwa upana kungekutoa jasho.

Udhaifu huohuo una hatari yake. Mti ulioegemea mbele ukikatwa vibaya kutoka nyuma, shina linaweza kupasuka kwenda juu kufuata nyuzi, na kipande cha nyuma kikarushwa kwa kishindo juu ya kichwa cha mkataji. Hutokea kufumba na kufumbua.

Mti hujijengea ubao maalumu ukianza kuinama! Mti wa majani mapana, kama mwembe, huweka ubao wa kuvuta upande wa juu wa shina. Mpaini huweka ubao wa kusukuma upande wa chini. Ule wa mpaini hukatika ghafla bila kupinda vizuri, na mkataji asiyejua hushtukizwa na bawaba yake mwenyewe.

UHAI NA UMAUTI WA MTI

Kaa sawasawa sasa. Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya ubao wa mti ulio hai imekwisha kufa? Kiini chote cha ndani hakina chembe hai hata moja, na hata nje kidogo ya hapo chembe nyingi ni mirija mitupu ya kupitishia maji. Mti unaishi huku umejibebea maiti yake!

Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ukifa na kukauka, kilele huwa chepesi na hakivuti tena kuelekea chini kama zamani. Mti mkavu uliokatwa nyuma yote unaweza kubaki umesimama tu, unakutazama.

Ubao ukikauka kabisa hunywea, lakini si sawasawa. Urefu wa mti wa mita 20 hupungua kwa sentimita chache tu, ilhali upande wa mzunguko ubao unaweza kunywea kwa asilimia 5 hadi 10. Ndiyo asili ya zile nyufa ndefu za wima unazoziona kwenye kila mti uliokauka ukiwa umesimama.

Je, wajua kwamba ubao mkavu usiooza una nguvu kuliko mbichi? Ukitoka kwenye ubichi hadi unyevu wa asilimia 12, uwezo wake wa kuhimili kubanwa karibu hufika mara 2. Unashangaa? Subiri kidogo.

Chukua kijiti kibichi cha mwembe ukikunje: kitapinda, kitalia, nyuzi zitachomoza, na bado hakitaachana. Sasa kunja kikavu: pwa! Kikavu kina nguvu lakini hakina utiifu, na bawaba inahitaji utiifu kwanza.

Kukauka hakuanzi kubadili nguvu mpaka unyevu ushuke chini ya takriban asilimia 30. Kabla ya hapo yanayotoka ni maji yaliyojaa kwenye matundu ya nyuzi. Chini ya hapo ndipo kuta za nyuzi zenyewe zinapoanza kukauka, na tabia ya ubao hubadilika.

Huko nchi za baridi kama Kanada, hata mti ulio hai unaweza kukusaliti. Maji yaliyomo ndani yakiganda, bawaba hukatika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Bujumbura, ashukuriwe Mungu, tatizo hilo hatulijui.

WALAJI WA NDANI

Kuna kuvu wanaokula ubao na kuuacha wa kahawia, umepasuka vipande vya mraba. Je, wajua kwamba kabla hata ubao haujapoteza asilimia 10 ya uzito wake, unaweza kuwa umepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kuhimili kishindo? Kwa macho unaonekana mzima, kwa mkono una uzito wake, na nguvu imeshakwenda!

Kuvu hao hula nini hasa? Selulosi, ile sehemu inayofanya karibu asilimia 40 hadi 50 ya ubao na kuupa nguvu ya kuvutwa. Yaani wanakula kamba na kuacha gundi.

Tazama kisiki baada ya mti kuanguka, kitakusimulia yote. Bawaba ya mti mbichi huacha nyuzi ndefu zilizochomoka, zenye ncha kali. Bawaba ya mti uliooza hukatika laini, fupi, bila kibanzi. Hata mtoto anaweza kusoma kisiki hicho.

Mti mbichi hupiga kelele kabla ya kuanguka: hulia, hukatika uzi mmoja mmoja, humpa mkataji nafasi ya kuondoka. Ule uliooza unaweza kukatika bila hata onyo moja. Umesikia? Hata moja!

Je, wajua kwamba ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi? Kuvu wanahitaji maji kama mimi na wewe. Ndiyo maana boriti iliyo chini ya paa lisilovuja inaweza kudumu karne na karne.

Na ukiuzamisha ubao majini kabisa, kuvu hao pia hushindwa, maana wanahitaji hewa. Mahali wanapopapenda kuliko pote ni pale unyevu na hewa vinapokutana: usawa wa ardhi. Angalia nguzo ya mti iliyozeeka, huanzia kuoza chini, pale inapochomoza kwenye udongo.

Sasa unganisha. Mkata miti hupenda kukata chini, karibu na ardhi, na huko ndiko ubao wa mti mfu ulikooza zaidi! Kwa hiyo fundi wa miti mikavu mara nyingi hupandisha mkato, atafute ubao mzima wa kutengenezea bawaba.

Mti ulio hai huoza kuanzia ndani, ukabaki na uwazi. Mti uliokufa ukiwa umesimama mara nyingi huoza kuanzia nje, kwa sababu ubao wa nje hauna dawa za asili zinazokilinda kiini. Miti miwili, magonjwa mawili, bawaba mbili tofauti kabisa!

Hesabu hii itakuacha mdomo wazi. Shina lenye uwazi wa nusu ya kipenyo chake hupoteza kama asilimia 6 tu ya uwezo wa kuhimili upepo! Uwazi ukifika asilimia 70 ya kipenyo, hasara ni asilimia 24. Mwanasayansi wa Ujerumani, Claus Mattheck, alipima miti mingi na kushauri hivi: ukuta mzima uliobaki ukiwa mwembamba kuliko theluthi moja ya umbali wa katikati hadi nje, kaa chonjo.

Wale mchwa wajenga vichuguu vikubwa, je, wajua kwamba hawawezi kumeng'enya kuni peke yao? Hulima bustani za kuvu ndani ya kichuguu, kuvu wakavunja ubao, nao mchwa wakala. Wakulima waliotutangulia kwa mamilioni ya miaka!

KWETU NA KWA JIRANI

Je, wajua kwamba mdudu asiyezidi milimita 4 hivi aliua misaipresi ya Afrika Mashariki? Ni kidukari wa msaipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa amekwisha ingia Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Kenya. Alinyonya utomvu, mate yake yakaua matawi, na mashamba mazima yakasimama makavu.

Dawa yake ilikuwa nini? Nyigu mdogo zaidi! Mwaka 1994 nyigu aina ya Pauesia juniperorum aliachiliwa Malawi, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari, na kinachotoka humo si kidukari tena.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Linapopanda, miti ya ufukweni hufa kwa kukosa hewa, si kwa kukosa chakula. Oksijeni hupenya majini polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000! Wakazi wa Gatumba, waliohamishwa kwa maelfu na mafuriko ya mto Rusizi mwezi Aprili 2020, wanaijua nguvu ya maji vizuri.

Nenda Kenya, Ziwa Nakuru au Naivasha. Maji yalipopanda katika miaka ya 2010, migunga ya kando ilikufa ikiwa imesimama, na ndege wakaigeuza majumba. Misitu mizima ya mizimu, wima ndani ya maji!

Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumika Burundi hutoka kwenye kuni na makaa. Kwa hiyo mti mkavu hapa hausubiri kuanguka wenyewe, shoka huufikia kwanza. Mwaka 2018 serikali ilizindua kampeni ya upandaji miti, Ewe Burundi Urambaye, ili vilima vivae tena.

Ngoma kubwa za Burundi, ambazo UNESCO iliingiza mchezo wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, huchongwa kutoka gogo moja la mti wa umuvugangoma. Hakuna kiungo, hakuna gundi! Gogo likiwa na ufa, ngoma haina sauti.

Mchikichi wa Imbo na Rumonge hauna bawaba unayoweza kuiamini. Michikichi na minazi haina pete za miaka. Nyuzi zake zimetawanyika tu, ngumu nje na laini ndani. Kwenye mnazi, ubao wa nje unaweza kuwa mzito zaidi ya mara 2 ya ule wa katikati!

Mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika uko hapa jirani tu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza mti wa aina ya Entandrophragma excelsum wenye mita 81.5 katika bonde moja la Kilimanjaro. Panga mabasi sita makubwa msururu mmoja, mbele hadi nyuma, na bado hujaufikia vizuri.

Marekani, mende wa kijani mwenye urefu wa kama sentimita 1 aligunduliwa Michigan mwaka 2002. Tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti aina ya Fraxinus, na wakataji wanaiogopa, kwa kuwa ikifa hukatika ovyo haraka mno. Na California pekee, ukame na wadudu viliua miti milioni 129 kati ya 2010 na 2017!

SIKU YA KUUANGUSHA

Je, wajua ncha ya mti wa mita 20 hugonga ardhi kwa kasi gani? Karibu kilomita 87 kwa saa! Mti wa mita 30 hupita kilomita 100 kwa saa, na hakuna breki.

Tawi kavu lililoachia kutoka mita 15 juu hufika kichwani kwako kwa sekunde 1.75, likiwa na kasi ya kilomita 62 kwa saa. Huna muda wa kumaliza kusema "angalia!" Ndiyo maana mkata miti mikavu hutazama juu kabla ya kutazama msumeno.

Kabari ni chombo cha ajabu. Iinue nyuma ya shina la sentimita 30 kwa sentimita 1 tu, na kilele cha mti wa mita 15 husogea nusu mita! Lakini kila pigo la nyundo hutikisa matawi makavu, kwa hiyo mti mfu ni heri uvutwe kwa kamba kutoka mbali.

Mbali kiasi gani? Mtu asiye na kazi hapo asimame umbali wa angalau mara 2 ya urefu wa mti. Mkataji mwenyewe huondoka kwa mshazari nyuma, digrii 45 kutoka upande wa pili wa mwanguko, na njia hiyo huisafisha kabla ya kuwasha mashine.

Gonga shina kwa mgongo wa shoka usikilize. Kwenye ubao mzima, sauti inayofuata nyuzi hukimbia zaidi ya mara 10 ya kasi yake hewani! Kuna vyombo vinavyopima kasi hiyo kuvuka shina: ikichelewa, ndani kuna uozo.

Soma pia kinachotoka kwenye msumeno. Mnyororo mkali kwenye ubao mzima hutema vibanzi vyeupe. Ukianza kutema vumbi la kahawia, umeingia kwenye uozo. Simama hapo, mwenzangu, fikiria upya bawaba yako.

Mnyororo huo hukimbia kama mita 20 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Na je, wajua ulianzia wapi? Hospitali! Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wa Scotland John Aitken na James Jeffray walitumia mnyororo mdogo wenye meno kukata mifupa, kwa mfano ya nyonga mama anaposhindwa kujifungua. Andreas Stihl wa Ujerumani alileta wa umeme kwa ajili ya magogo mwaka 1926.

Na hili, usiondoke kabla hujalisikia. Maporomoko ya Kalambo, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika hilihili letu, yalihifadhi magogo mawili yaliyopachikwa moja juu ya jingine kwa pengo lililochongwa na zana za mawe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliyapa umri wa angalau miaka 476,000! Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea duniani, na tayari kulikuwa na fundi anayejua hasa mahali pa kukata ubao na mahali pa kuuacha.